Mwezi Tuliokaa na Kamera ya Karanja

Wiki chache zilizopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinunua kamera mpya, akaja kuifungulia mezani kwangu. Alipovuta zipu ya begi, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: sponji jipya, mpira, na ubaridi wa chuma ambacho bado hakijashikwa na mikono mingi. Akaniuliza, kama watu wa picha wanavyoulizana kila siku, "Sema ukweli, picha mzuri ni kamera ama ni mtu?" Nilimwambia narudi sasa hivi, nikaenda kusimama kwenye ngazi mpaka niliposikia zipu ikifungwa tena. Nina watoto wangu sasa, na bado harufu ya begi jipya inaweza kunitoa kwenye kiti.

Tulikuwa tunaishi Kibera, upande wa Silanga, chumba kimoja cha udongo na mabati. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi Atieno niliyekuwa na miaka kumi, na ndugu yangu Odhiambo, ambaye tulimwita Odhi na ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Mama aliuza mboga. Baba alifanya kazi ya mjengo, leo hapa kesho pale, kuchanganya simiti na kubeba mawe hadi ghorofa ambazo hangewahi kuingia tena zikishakwisha. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, angekuambia ni mpiga picha. Hakupiga picha za kulipwa. Harusi na ubatizo aliwaachia wenye studio. Alipiga alichopenda: mikono ya mtu anayemenya viazi, kivuli cha kamba ya nguo ukutani, mzee akisinzia kwenye kinyozi.

Kamera yake ilikuwa nzee, ya filamu, aliyoachiwa na fundi mmoja aliyerudi kwao. Kioo cha kuchungulia kilikuwa na ufa. Kile kigurudumu cha kuchagua kamera ifumbue jicho kwa muda gani kilikwama mahali pamoja na hakikusonga tena. Mlango wa nyuma haukufunga sawasawa, kwa hiyo Baba aliufunika kwa tepu nyeusi ya fundi wa stima, na hata hivyo mwanga ulipenya, ukawa unaacha mstari mwekundu ukingoni mwa picha. Nje, kwenye jua, ilitoa picha. Ndani ya nyumba ilitoa giza tu.

"Maisha yetu yote iko ndani," Baba alizoea kusema, "na hii kitu haioni ndani."

Mimi nilidhani ni ugonjwa. Nyanya yangu kule ziwani alikuwa na mtoto wa jicho, naye pia aliona vizuri nje kuliko ndani. Baba akiwa kazini nilikuwa naitoa kamera kwenye msumari wake, napangusa kile kioo kwa mate na pindo la rinda, halafu naichungulia kuona kama imepata nafuu.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa, tulitembea hadi Kawangware, ambako wapenda picha kama kumi walikutana kwenye chumba kimoja ndani ya ploti ya Mzee Karanja. Mzee huyu alikuwa mwenyeji hasa. Babake alilima hapo mahindi kabla ya nyumba kujaa, na yeye akajenga vyumba vya kupangisha. Alikuwa mtu mpole wa sweta na kofia, na kamera alizipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alizijua kwa majina, alizipangusa, alizungumzia uzito wa kila moja. Mwingine aliyekuwa na sauti pale alikuwa Mwalimu Salome, aliyefundisha watoto wadogo Riruta, na ambaye hakuogopa kumkatiza mtu yeyote maneno.

Siku hiyo Baba alikuwa ameleta picha ya Mama akipika. Kwa kweli ilikuwa karatasi nyeusi yenye doa la jiko katikati. Ilizungushwa kwa adabu, kila mtu akaiinamisha huku na huku kutafuta kilichomo.

"Baba Atieno," Mwalimu Salome akasema, "wewe uko na jicho. Wacha kulaumu kamera."

"Jicho liko," Baba akasema. "Lakini hapo mimi nilimwona mke wangu. Nyinyi mnaona nini?"

Karanja akacheka kidogo. "Mwalimu, jicho bila lenzi ni hadithi tu. Unaweza kuwa na jicho kama la mwewe, na picha ikatoka makaa."

"Na wewe Mzee, lenzi unazo, begi nzima," Mwalimu akamwambia. "Mbona tunakumbuka picha za huyu na zako tunazisahau?"

Watu walicheka, kisha wakainamisha macho, kwa sababu maneno yalikuwa yamepita mahali yalipokusudiwa. Karanja hakukasirika. Alitazama begi lake lililokuwa miguuni, begi jeusi lenye mifuko mingi, akaliinua na kulisukuma mezani mpaka likamgusa Baba kifuani.

"Mwezi mmoja," akasema. "Tukutane tena hapa uje na picha. Tumalize hii maneno."

Baba hakuligusa mara moja. Alijipangusa viganja kwenye suruali kwanza.

Kurudi nyumbani tulipitia mahali akanunua kabichi mbili, akaomba gunia. Begi likaingia ndani ya gunia, kabichi juu. Kwa kawaida Baba alitembea akisimama kila mara kutazama vitu. Siku hiyo alitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni, na kila aliyetusalimu njiani alimjibu bila kugeuka. Tulipofika alifunga mlango kwa komeo ingawa ulikuwa mchana, akatufungulia begi kitandani. Hapo ndipo niliposikia ile harufu mara ya kwanza.

Mama hakuisogelea. "Hii ni ya nani?"

Baba akaeleza. Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashinda nyumbani baada ya shule. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. "Atieno, sikia. Hakuna mtu anaambiwa. Hata rafiki yako. Hii kitu ikipotea, sisi wanne tumekwisha. Umesikia? Wanne."

Nilisikia. Watoto husikia vizuri sana, shida ni kwamba husikia kila neno. Kwa Baba hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye hofu. Kwangu ilikuwa habari. Nilijua kwamba kulikuwa na njia fulani, ambayo watu wazima wanaifahamu, ambayo kwayo kamera ikitoka nyumbani kwetu basi Baba, Mama, mimi na Odhi tunakwisha. Sikujua tungekwishaje. Nilifikiri labda Karanja angekuja kutuchukua, atuweke katika vyumba vyake, kila mtu chake, na mlango ufungwe kwa nje. Nilimwogopa yule mzee mpole kuanzia siku hiyo.

Kamera ikawekwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la nguo, imefunikwa na sweta yangu ya shule iliyokuwa imenibana. Nikaacha kucheza. Kengele ya shule ikilia nilikimbia moja kwa moja hadi nyumbani, nikapiga magoti, nikapapasa sanduku. Kwenye kona ya njia yetu kulikuwa na vijana watatu waliokuwa wakikaa juu ya mawe. Siku moja mmoja wao akamwambia Baba, "Niaje mzee. Tumeskia uko na mtambo." Baba akajibu ni ile yake ya kitambo, wanaijua. Kijana akatabasamu tu. Sijui kama walijua lolote. Lakini kuanzia hapo sauti yoyote kwenye mabati, hata ya paka, ilinifanya nimtazame Baba, na nikimtazama nilikuta naye amesimamisha kijiko.

Na picha? Wiki ya kwanza alitoka nayo mara tatu, imefichwa kwenye koti. Alikuwa anaitoa, anapiga haraka, anairudisha. Watu waliozoea kamera yake ya tepu, waliokuwa wakiendelea kuosha vyombo akiwapiga, sasa walijinyoosha, wakafunga vishikizo, wakatoa nyuso za kitambulisho. Jioni tulikuwa tunatazama kwenye kioo kidogo nyuma ya ile kamera, kilichoonyesha picha papo hapo. Kila kitu kilionekana. Ungeweza kuhesabu nyuzi za leso ya mtu.

"Ni safi," Baba alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa chakula kisicho na chumvi.

Moja tu haikuwa hivyo. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango umefungwa, koroboi inawaka, Mama ameinama juu ya jiko akipuliza. Baba alikuwa amekaa kitandani na ile kamera mapajani, akainua bila kusema kitu, ikalia mara moja. Akanisogezea kile kioo nami nione. Uso wa Mama ulikuwa pale wote, nusu kwenye mwanga wa makaa, na nyuma yake, kwenye giza, ungeweza kuona vikombe kwenye rafu na kidole cha Odhi kikishika rinda lake.

"Unaona?" Baba akamwambia. "Unaona vile haikuwa mimi? Ni kamera ndio ilikuwa haiwezi."

Mama akatazama. "Mimi naona nimechoka," akasema, akarudi kupuliza jiko.

Baada ya hapo hakutoka nayo tena. Alikuwa na hofu nayo zaidi kuliko mwanzo, nadhani kwa sababu sasa alijua inaweza nini. Jumamosi iliyofuata, akiwa hana kazi, alichukua ile yake nzee na kuiweka shingoni. Alisema anaenda kule chini kwenye mashamba ya mboga kando ya bwawa. Mama alikuwa sokoni. Odhi alikuwa amelala.

"Angalia nyumba," Baba akaniambia mlangoni.

Nilijua nyumba maana yake nini.

Moto ulianza ploti ya nyuma. Baadaye watu walisema ni jiko la mafuta. Kilichonifikia kwanza ni sauti ya miguu, watu wengi wakikimbia bila kuongea, halafu mabati yakaanza kulia, tak, tak, kama mtu anayarushia mawe, na harufu ya plastiki. Mtu akapita akipiga milango yote kwa ngumi na kusema tokeni, tokeni. Nilifungua. Mwisho wa kichochoro kulikuwa na rangi ya machungwa mahali palipokuwa na ukuta, na wanaume walikuwa wamepanda juu ya paa la jirani wakiling'oa ili moto ukose njia.

Nilirudi ndani. Haya ninayakumbuka yakiwa yametulia, kana kwamba hakukuwa na haraka yoyote. Nilipiga magoti. Nikavuta sanduku, likakwama. Odhi alikuwa amelala juu, ukingoni, na mguu wake mmoja ulikuwa unaning'inia mbele ya uso wangu, mnene, wenye mkunjo kwenye kifundo. Nikausukuma kando ili nifungue kifuniko. Nilitoa sweta, nikatoa begi, nikalivaa shingoni. Lilikuwa zito, likanivuta mbele. Nikatoka.

Nje kichochoro kilikuwa kimejaa. Watu walibeba magodoro, televisheni, mitungi, mama mmoja alibeba mlango. Walinisukuma, miguu yangu ikawa inaenda nao. Nililikumbatia begi kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimetuokoa sisi wanne. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ninaandika hapa kwa mara ya kwanza: kamera ilikuwa wanne, Odhi alikuwa mmoja. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo mpaka nilipofika mahali pa wazi, watu wakatulia, na kila mama akaanza kuita majina ya watoto wake.

Nilitaka kurudi, nikageuka, nikaona mahali tulipotoka pamekuwa moshi mtupu. Mwanamume mmoja alinishika bega akaniambia hakuna kurudi. Sikumwambia kwa nini nataka kurudi. Nilisimama. Sijui nilisimama kwa muda gani.

Mama Brayo alitokea upande wa mfereji. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliuza makaa mlangoni kwake, mwanamke mkubwa wa maneno machache. Odhi alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa leso iliyolowa, analia kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa vibaya, basi. Mama Brayo aliniona. Akatazama begi. Akanitazama mimi. Sura yake haikubadilika hata kidogo, na nimekaa miaka mingi nikijaribu kusoma kilichokuwa ndani ya utulivu ule.

Mama alifika kutoka sokoni akiwa hana viatu. Kabla hajauliza, Mama Brayo alimwambia, "Huyu mtoto nilipewa na Atieno. Alinipatia nimshikie, yeye akabeba vitu."

Mama akanikumbatia pamoja na begi. Baba alifika nyuma yake, anahema, kamera nzee inamgonga kifuani. Alimshika Odhi kichwa, akanishika mimi kichwa, kisha akaketi chini kwenye vumbi. Chumba chetu hakikuungua. Kilibomolewa na wale wanaume ili kuzuia moto. Kwetu sisi haikuwa tofauti kubwa.

Tulihamia Riruta kwa dada ya Baba, tukalala sebuleni. Kila mgeni aliyekuja kutupa pole aliambiwa habari yangu. Msichana wa miaka kumi, alimpa jirani mtoto, akaokoa kamera ya watu, akili gani hiyo. Shangazi alinipa kipande kikubwa cha nyama. Nilikitafuna hakikuisha. Nilianza kumkwepa Odhi, sikutaka kumbeba, na akinijia na mikono juu nilijifanya nina kazi. Mama alidhani ni mshtuko wa moto. Nilingoja Mama Brayo aje aseme ukweli, na nilingoja pia asije kamwe. Hakuja.

Jumapili ya mkutano Baba alipiga pasi shati la kuazima. Nilimwambia tumbo linauma. Akasema lazima niende, Mzee Karanja ameuliza kuhusu mimi.

Karanja alilifungua begi mbele ya watu, akaitazama kamera mara moja tu, akaiweka kando. Akachomeka kadi ya picha kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Picha za mwezi zikapita pale moja moja, safi, kubwa, na watu wakatoa sauti za heshima. Ilipofika ile ya Mama, chumba kikabadilika. Mwalimu Salome alisogeza kiti mbele.

"Hii ni jicho," akasema.

"Hii ni lenzi," Karanja akajibu polepole. "Hiyo nzee yake ingetoa nini hapo? Giza. Tulishaiona hiyo giza mwezi jana."

Walimgeukia Baba aamue. Alitoa bahasha ya studio mfukoni. "Kuna zingine," akasema. "Roli ya filamu ilikuwa ndani ya kamera yangu hiyo Jumamosi. Nimeziosha jana."

Alizipanga mezani, tatu. Ya kwanza ilikuwa mwanamke ameinama kwenye shamba la sukuma wiki, bwawa likiwa kando, na mbali nyuma yake uzi mwembamba wa moshi. Ya pili moshi umenenepa. Ya tatu ulikuwa umepanda na kufunguka, jua likiupasua kutoka upande mmoja, na yule mwanamke alikuwa amejinyoosha, ameipa kamera mgongo, anautazama. Kwenye ukingo kulikuwa na ule mstari mwekundu wa mwanga uliopenya kwenye tepu, umeshuka toka juu hadi chini.

Karanja alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena, akaishika ile ya tatu kwa ncha za vidole.

"Kamera yangu haiwezi hii," akasema. Halafu akauliza, "Ni makaa walikuwa wanachoma?"

"Nilidhani ni makaa," Baba akasema.

"Kumbe?"

"Kumbe ni kwangu."

Karanja aliiweka picha chini kwa uangalifu. Nadhani alitaka kuondoa uzito uliokuwa umeingia, ndiyo maana akanitafuta kwa macho. "Na shujaa ni huyu. Njoo hapa, mami." Nilienda. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi wenye joto. "Umefanya vizuri. Lakini siku nyingine uiache iungue, sawa? Hii ni kitu ya kununua tu. Ningenunua ingine."

Alisema kwa wema. Nilimtazama usoni nikitafuta yule mtu ambaye angetufungia vyumbani, nikaona mzee wa sweta aliyenisikitikia.

"Sikumpatia mtoto," nikasema.

Baba akasema, "Nini?"

"Mama Brayo alidanganya. Sikumpatia Odhi. Nilimwacha kitandani. Mguu wake ulikuwa unazuia sanduku, nikausukuma, nikatoa kamera, nikaenda." Sikulia. Nilisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ulisema ikipotea tumekwisha wanne."

Niliona neno hilo likimfikia Baba. Midomo yake ilisogea, akihesabu. Mwalimu Salome alinyoosha mkono kunivuta kwake, lakini Baba alikuwa ameshainuka. Aliwaambia watu, bila kuwatazama, "Hayo ni maneno yangu. Mtoto alifanya vile nilimwambia." Akakusanya picha zake, akasahau bahasha, akarudi kuichukua, akanishika mkono tukatoka.

Kutoka hapo hadi kwa shangazi si mbali. Hakuniuliza kitu mpaka tulipofika mahali penye gereji iliyofungwa. Akasimama, akaegemea geti.

"Ulikuwa unataka kumrudia?"

Nilifikiria kwa bidii, kwa sababu nilijua hilo ndilo swali. "Sijui," nikasema. "Nilikuja kutaka baadaye."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Alitoa ile picha ya tatu, akaitazama kwenye jua, kisha akanionyesha.

"Huyu mama unajua kwa nini amesimama? Alikuwa ameinama, akageuka akaniambia, 'Baba, hiyo si makaa. Hiyo ni nyumba zinaungua.' Alafu akasimama hivi kuangalia." Akaweka kidole kwenye moshi. "Ya kwanza sikujua. Ya pili sikujua. Hii nilijua, Atieno. Nilijua ni upande wetu, nilijua nimewaacha ndani. Nikaona vile amesimama na vile jua limeingia kwa moshi. Nikapiga kwanza. Ndio nikakimbia."

Watu walikuwa wanapita wakitoka kanisani na nguo zao nzuri. Sikuwahi kumwona mtu mzima akingoja mtoto aseme kitu. Nilitazama picha. Hata wakati ule, na kichwa cha miaka kumi, niliona kwamba ilikuwa nzuri, na nilichukia kuiona hivyo.

"Mama anajua?" nikauliza.

"Hajui. Yako hajui na yangu hajui."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia zote mbili."

"Utaanza na gani?"

Alirudisha picha kwenye bahasha. Tulitembea hadi kwa shangazi. Mama alikuwa nje, mlangoni, anamwogesha Odhi kwenye karai, povu hadi masikioni. Baba alivuta kigoda akaketi karibu na karai, karibu sana hata maji yakamrukia shati la watu. Akaiweka bahasha gotini. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika ukosi wake, tayari kukimbia.

"Mama Atieno," akasema, "acha maji kidogo. Kuna kitu."

Mama akainua macho, mkono mmoja bado uko mgongoni kwa mtoto. Baba akatoa picha, akampa ile ya tatu, akaanza na yake.